Lile Lisilo na Kadi

Kamusi aligonga kifuniko kwa kifundo cha kidole, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi, kisha akainamisha sikio.

"Hili ndilo," akasema.

Fundi alikuwa amesimama upande wa pili wa jeneza hilo, mikono nyuma, vumbi la mbao bado limemganda kwenye nyusi. Miaka yote ya kazi yake katika karakana ile alisimama hivyo wateja walipokuwa wakichagua: nyuma kidogo, kimya, tayari kuitwa kunyanyua. Leo mteja alikuwa yeye. Mkewe alikuwa hospitali, katika chumba cha maiti, na waliokuja kuchagua pamoja naye walikuwa mama mkwe wake na huyu shemeji yake, kaka mdogo wa marehemu. Ukoo mzima ulimwita Kamusi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumaliza sentensi ya Kiingereza mbele yake bila kusahihishwa.

"Soma hapo, mama." Kamusi alinyoosha kidole kwenye kadi nyeupe iliyosimamishwa juu ya kifuniko.

"Macho yangu unayajua."

"Imeandikwa 'Superior'. Maana yake cha juu. Bora. Kile kinachovipita vingine."

Mama mkwe akalitazama kwa heshima. Lilikuwa linang'aa kweli. Rangi ya kahawia iliyoiva, michirizi ya mti iliyopinda kama maji yanayozunguka jiwe, vishikio sita vya rangi ya dhahabu, na ndani satini nyeupe iliyokunjwa mikunjo midogo midogo. Kisha macho yake yakaenda ukutani, ambako lilisimama jeneza jingine, peke yake, halijapakwa hata vanishi.

"Na lile?"

"Lile nimelitengeneza mimi," Fundi alisema. "Kwa ajili yake."

"Mbona halina kadi?"

"Hayo huwa hayawekewi kadi, mama."

Kamusi alicheka kidogo puani. Si kwa dharau hasa. Alicheka kama mwalimu anayeona jibu liko karibu na mwanafunzi halioni. "Shemeji, kila neno lina mwenzake. Superior mwenzake ni inferior. Cha chini. Hafifu. Duni. Hapa wameandika moja tu kwa sababu hakuna mfanyabiashara atakayeandika la pili. Lakini mwenye akili anajisomea. Lisiloandikwa kitu ndilo hilo la pili."

"Mwanangu hazikwi kwenye kitu duni," mama mkwe alisema polepole, na akaanza kulia tena.

Fundi alilijua neno hilo hata kabla ya kutafsiriwa. Kwa wakwe zake hakuna aliyewahi kulitamka, lakini kila alipokwenda kuwasalimia alipewa kiti kile kile chenye mguu uliolegea, na kabla ya kuondoka aliombwa akitengeneze. Alikitengeneza. Safari iliyofuata alikikuta kimelegea tena, kana kwamba kilikuwa kikimsubiri yeye.

Sasa alitaka kusema. Maneno yalikuwa machache tu, na yote ya kweli. Angewaambia kwamba kile kilichong'aa mbele yao hakikuwa mbao. Yalikuwa makapi ya msumeno yaliyosagwa, yakachanganywa na gundi na kukandamizwa, kisha ikabandikwa juu yake karatasi iliyochorwa michirizi ya mti. Sakafu yake ilishikwa kwa pini ndogo kama zile za kubania karatasi. Vishikio vya dhahabu vilikuwa plastiki. Unyevu ukiingia, ule ubao hufura na kumomonyoka kama mkate uliodondokea kwenye chai. Msimu wa mvua uliopita sakafu ya mojawapo ilifunguka mlangoni mwa nyumba ya watu, wabebaji wakashuhudia, na familia ikaona aibu hata kulalamika. Tajiri, mwenye karakana, alisema walibeba vibaya.

Na lile la ukutani lilikuwa mbao. Mbao tupu, alizozichagua moja moja, akazipiga randa mpaka zikawa laini kama shavu, kona zake zimeumana kwa meno bila msumari hata mmoja. Hakuwa ameanza kulitengeneza kwa sababu ya umaskini. Alikuwa ameahidi.

Mkewe ndiye aliyekuwa akishona satini za majeneza ya Superior. Kazi aliletewa nyumbani, na cherehani yake ilikaa chini ya dirisha ili apate mwanga. Alishona na vile vimito vya kuwekea vichwa. "Nawashonea mito watu wasiokoroma," alikuwa akisema. "Natamani na wewe ungekuwa hivyo."

Siku moja, uzi mdomoni, alimuuliza, "Hivi hiyo superior maana yake nini?"

"Tajiri anasema ni bora kupita."

"Kupita nini?"

"Kupita yale mengine."

"Kwa hiyo ukiyaondoa yale mengine, hili nalo linabaki sanduku tu."

"Wewe shona."

"Nashona. Lakini nisikilize, mume wangu. Hayo yenu ni bwana harusi mwenye suti ya kuazima. Ukimkumbatia kwa nguvu, mshono wa mgongoni unaachia. Mimi siku nikifa nitie kwenye mbao. Umesikia? Ukinitia humo, nitarudi nikuvute miguu."

Walicheka mpaka akadondosha sindano, wakaitafuta wote wawili sakafuni kwa magoti. Wakati huo alikuwa mzima. Alipokuja kuugua alirudia maneno hayo mara moja tu, bila mzaha, midomo imekauka. "Mbao," alisema. "Mbao," Fundi alimjibu, akambana vidole.

Hilo tu ndilo mkewe alilokuwa amebaki akimdai. Na mdomo wa Fundi ulikuwa umeshafunguka kulisema pale Tajiri alipoingia.

Tajiri alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, sauti aliyoinunua pamoja na biashara. Aliwashika mkono wote watatu, akamwita mama mkwe "mama yangu", akasimama kidogo ameinamisha kichwa. Kisha akaweka kiganja juu ya lile linalong'aa.

"Fundi amekuwa nami tangu karakana hii ikiwa kibanda cha mabati," alisema. "Siwezi kumwacha azike kama mtu baki. Hili chukueni. Ni rambirambi yangu. Na gari la karakana litalibeba, na mpiga picha wangu atakuja, mpate kumbukumbu."

Mama mkwe alipiga magoti, Tajiri akamwinua haraka. Kamusi alifuta miwani. Wote wakamgeukia Fundi wakitegemea asante.

"Tajiri," Fundi alisema. "Nilikuwa nimeshaandaa lile."

"Najua. Nimeliona. Kazi nzuri sana." Tajiri alitabasamu. "Tutampa mwingine asiyejiweza. Thawabu hiyo itamfuata marehemu."

"Shemeji, hebu njoo mara moja," Kamusi alisema, akamshika kiwiko na kumtoa nje.

Walisimama uani, kando ya rundo la mbao. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, na maji yalidondoka kutoka kwenye turubai tone baada ya tone. Fundi alijiandaa kusikia mhadhara. Lakini Kamusi, aliyekuwa na neno kwa kila kitu, alisimama akikwangua tope kwenye kiatu chake kwa ubapa wa mbao.

"Sikuja hospitali," alisema hatimaye. "Unajua hilo."

"Ulikuwa na kazi."

"Kazi gani? Ofisi yetu ingeungua moto watu wangegundua baada ya wiki." Alijaribu kucheka, sauti ikamvunjikia. "Nilikuwa naogopa. Kila wiki nasema, nitakwenda akipata nafuu kidogo, nisimkute vile. Alinipigia simu, shemeji. Nikaiangalia inaita. Yeye ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, na mimi nikaiangalia simu inaita."

Fundi alivuta turubai, akafunika ubao uliokuwa ukidondokewa.

"Watu watauliza kaka yake alikuwa wapi. Acha waulize. Lakini angalau waone amezikwa vizuri. Kitu cha juu. Nakuomba. Niachie hiki kimoja tu."

Kumbe hapo ndipo maneno ya Fundi yalipokwama, na hayakutoka tena. Angemwambia nini sasa? Kwamba hata hicho kimoja anachokishikilia ni makapi yaliyovikwa karatasi? Alimwangalia shemeji yake akikwangua kiatu kilichokwisha kutakata zamani. Akafikiria na kazi yake pia, hakujidanganya. Mfanyakazi anayewaambia wateja bidhaa ya tajiri wake ni mbovu hana kesho. Vyote viwili vilikuwamo kifuani mwake, huruma na woga, na hakuweza kujua ni kipi kilimfumba mdomo.

"Haya," alisema. "Tuchukue hilo."

Wakwe walipoondoka na mafundi wenzake walipokwenda kula, Fundi alifunga mlango wa mbele. Alilishusha lile lisilo na kadi, akalilaza juu ya meza yake ya kazi, akachukua patasi na nyundo.

Kona zilizounganishwa kwa meno hazikubali kuachana. Zimetengenezwa zisiachane, hiyo ndiyo kazi yake. Ilimbidi azigonge kidogo kidogo kwa ndani, akiweka kitambaa chini ya nyundo, mpaka moja ikatoa mlio mkavu na kuachia. Hakuwahi kuvunja kazi yake mwenyewe. Alipotoa mbao za sakafu, ndefu, nyeupe, bado zinanukia mti, alizifuta kwa kiganja.

Kisha akalifungua lile la Superior. Ili afike sakafuni ilimpasa aitoe satini, na satini ile ilikuwa imeshonwa na mkewe. Aliutambua mshono wake mara moja. Wengine huruka mbali. Yeye alikuwa na mshono mfupi, wa haraka, na kila baada ya kiganja kimoja aliweka fundo dogo, "ili ikikatika hapa isifumuke mpaka kule". Fundi alikata fundo la kwanza kwa ncha ya patasi. Akakata la pili. Alikuwa akihema kama mtu anayepanda ngazi.

Alipanga mbao zake ndani, zikakaa juu ya ile sakafu ya gundi. Kati ya sakafu hizo mbili alipitisha vipande viwili vya kukingama, akavikaza kwa skrubu kwenye kona nne, ambako ndiko pekee palipokuwa na mti wa kweli. Akang'oa skrubu fupi za vishikio, akatia ndefu zilizouma mpaka kwenye mbao. Nje hakukuonekana kitu. Akarudisha satini, akatafuta sindano, akaanza kushona.

Vidole vyake vilikuwa vimezoea msumeno. Uzi ulimponyoka, sindano ikamchoma, mshono ukaenda kombo kama njia ya mlevi. Alikuwa amefika nusu aliposikia mtu akikohoa nyuma yake.

Tajiri alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. Hakuuliza kitu. Alikwenda kwenye meza, akayaangalia mabaki ya lile jeneza jingine, kuta zake nne zikiwa zimelala kama karata zilizotupwa. Akaingiza mkono ndani ya lile linalong'aa, akabonyeza satini.

"Ngumu," alisema.

"Ndiyo, Tajiri."

"Leo nakuachia, kwa sababu ni mkeo." Sauti yake ilikuwa bado laini. "Usirudie. Wateja hawalali humu, Fundi. Wateja wanasimama nje wanaangalia. Nikianza kuwauzia cha ndani, cha nje nitampa nani?"

Aliondoka. Fundi akamalizia kushona.

Siku ya maziko mvua ilinyesha tangu alfajiri. Wabebaji sita, Kamusi akiwa wa mbele kulia, waliinama, wakashika vishikio vya dhahabu, wakainuka, na mmoja wao akaguna.

"Mmh! Kuna mtu na nusu humu?"

"Mnausikia uzito?" Kamusi alisema, shingo imemtoka mishipa. "Hiyo ndiyo superior. Si mchezo."

"Kweli bwana. Kitu cha maana kinajulikana kwa kukibeba."

Neno likapita kutoka mdomo hadi mdomo chini ya miavuli. Watu walitikisa vichwa. Wanawake wawili waliokuwa wakimfuata Fundi kwa nyuma walisema kwamba sasa ndiyo mtu anazikwa, si yale masanduku ya juzi. Fundi alitembea kando ya jeneza, mkono wake umegusa ubavu wa jeneza chini kidogo ya kishikio, ambako karatasi ya michirizi ilikuwa tayari imeanza kufura kwa maji na kujiinua pembeni kama ngozi ya jeraha. Aliibana kwa kidole gumba. Aliibana hivyo mpaka kaburini, na mpiga picha wa Tajiri alipowaambia wasimame kidogo, aliendelea kuibana.

Jeneza halikulegea popote. Lilishuka sawasawa. Kamusi alilia kwa sauti, kama mtoto, na watu wakamshika mabega wakimwambia amejitahidi.

Mama mkwe alimwendea Fundi baada ya kaburi kufukiwa. Akamshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaona alama za sindano na hakuziulizia.

"Baba," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Umetuheshimisha. Mimi sikukujua. Leo umetutoa aibu kabisa."

"Asante, mama," Fundi alijibu.

Nyumbani kwao mama mkwe alimkalisha kwenye kiti cha kochi, na mtu mwingine akapewa kile chenye mguu mbovu. Fundi alikaa kwenye lile kochi akiwa ameshika chai iliyopoa. Alikuwa amesubiri heshima hiyo miaka yote ya ndoa yake. Ilikuja siku ambayo hakuna wa kurudi naye nyumbani akamsimulia, na ilikuja kwa ajili ya kadi.

Aliporudi kazini alikuta picha. Tajiri alikuwa ameitia kwenye fremu na kuitundika ukutani: jeneza juu ya mabega, maua, miavuli, vishikio vinameremeta kwenye mvua. Kwenye pembe ya picha ulionekana mkono wa Fundi, hadi kwenye kiwiko tu.

"Imetoka vizuri sana," Tajiri alisema. "Wateja wakiuliza, waambie ukweli. Sikuombi useme uongo. Waambie, mke wangu mwenyewe nilimzika kwenye hili."

Alikuwa akisema kweli, kwamba haukuwa uongo. Fundi alikaa na ukweli huo siku nzima akiugeuzageuza, akiutafutia upande wa kuushikia, akakosa.

Mwisho wa juma aliingia mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Alikuja peke yake, mtandio mweusi umemlowa mabegani, mkoba ameukumbatia kama unaweza kumkimbia. Alizunguka majeneza yote bila kugusa hata moja. Alisimama kwa muda mrefu mbele ya moja la kawaida, la mbao, ambalo Fundi alikuwa amelimaliza asubuhi hiyo. Kisha akafika kwenye kadi. Kisha kwenye picha.

"Huyu ni nani?"

"Mke wa fundi wetu," Tajiri alisema kwa upole. "Huyo hapo. Muulize mwenyewe, mama yangu. Mimi ni mfanyabiashara, usiniamini mimi."

Yule mama akamgeukia Fundi. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini macho yalikuwa yakimtazama yeye tu, sawasawa, kama mtu anavyomtazama mwenzake aliyetangulia kupita njia mbaya.

"Pole sana, kaka."

"Nawe pole, dada."

"Ni kweli ulimzika kwenye hili?"

"Ndiyo."

"Maana mimi sijui vitu hivi. Nimeambiwa kuna mazuri na mabaya, na sina wa kumuuliza. Mume wangu alikuwa mtu mzito." Akatabasamu kidogo. "Halikuwaangusha?"

Tajiri alikuwa akisawazisha kadi juu ya kifuniko. Aliisogeza kushoto kidogo, akairudisha.

"Halikulegea popote," Fundi alisema.

Yule mama akashusha pumzi ndefu, mkoba ukamshuka kifuani. "Basi na mimi nipeni hilo hilo. Tunakuja kulichukua kesho. Asante, kaka. Mungu akupe nguvu."

Tajiri akaingia ofisini. Fundi akatoka uani. Mvua ilikuwa imesimama. Alilifunua turubai kwenye rundo la mbao, akazipapasa za juu, akazisukuma kando, akachagua moja kutoka chini, kavu. Akaipandisha hadi usawa wa jicho, akafumba jicho la pili, kuangalia kama imepinda. Kule mwisho wa ubao, katikati ya mlango uliokuwa wazi, alimwona yule mama amesimama peke yake, mdogo kama kidole, akifuta vumbi kwenye kishikio kwa ncha ya mtandio.

Ubao ulikuwa umenyooka, na urefu wake ulitosha sakafu ya jeneza. Fundi hakuushusha.